Shahidi Asiyekunywa

Ukipanda kutoka Mazeras kwenda Rabai, ukasimama kando ya barabara na kuuliza shamba lile pale ni la nani, jiandae kwa jibu refu. Ardhi ni ya fulani. Minazi iliyomo, au baadhi yake, ni ya mtu mwingine kwa sababu babu yake ndiye aliyeipanda. Minne kati ya hiyo iko rehani kwa jirani, ambaye ataangua nazi zake mpaka deni lilipwe. Na kuna mgema anayepanda na kushuka asubuhi na jioni, ambaye hana ardhi hapo wala mnazi hata mmoja, ana makubaliano tu. Mgeni akisikia hayo husema ni vurugu. Si vurugu. Ni utaratibu wa miaka mingi, na msingi wake ni wazo moja: mti ni mali moja, udongo unaoushika ni mali nyingine.

Sasa, nani anayakumbuka yote hayo? Mashahidi. Mtu akinunua minazi au akiiweka rehani, wazee wanaitwa, wanaonyeshwa mti kwa mti, halafu mnazi unazunguka (huku kwetu mnazi ni mti na mnazi ni kinywaji, utajua kwa jinsi mtu anavyoutaja). Mwanaanthropolojia David Parkin alifanya utafiti kwa majirani zetu Wagiriama miaka ya 1960, na kitabu alichokitoa mwaka 1972 alikiita Palms, Wine, and Witnesses, yaani minazi, tembo na mashahidi. Alichokiona ni kwamba hata wale wajanja waliokuwa wakikusanya mashamba na minazi ili watajirike hawakuweza kuwakwepa wazee. Bila shahidi aliyekunywa nawe, ulichonunua ni maneno.

Nimekuwa nikiwawaza mashahidi hao kwa sababu ya wingu.

Si lile la masika. Nasema wingu la kompyuta: majengo yenye baridi na mashine zisizolala, mali ya kampuni kubwa, ambamo mtu mwingine hukodi nafasi ya kuweka data zake na nguvu za kuzichambua. Anayeanzisha programu ya wakulima leo hanunui seva akaiweka chini ya meza. Anakodi, kama tunavyokodi chumba. Ndiyo maana kijana mmoja Nairobi mwenye kompyuta ya mkononi anaweza kuhudumia wakulima wengi kuliko bwana shamba yeyote na pikipiki yake.

Kwa mkulima, mambo haya hufika kama meseji. Safaricom ilianzisha DigiFarm mwaka 2017. Apollo Agriculture hutumia picha za setilaiti na data nyingine kuamua nani apewe mbegu na mbolea kwa mkopo. Serikali nayo iliandikisha wakulima nchi nzima kupitia machifu na manaibu wao: namba ya kitambulisho, namba ya simu, ekari ngapi, unalima nini. Aliyeandikishwa alitumiwa namba ya siri kwenye simu, akaenda nayo kwenye ghala kuchukua mbolea ya ruzuku, ambayo Agosti 2023 ilishushwa hadi shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50. Kabla ya hapo ilikuwa 3,500. Shilingi elfu moja kwa gunia si mchezo, na sitaki kuandika kana kwamba ni mchezo.

Juu zaidi ya meseji kuna setilaiti. Zile za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hupiga picha sehemu ileile kila baada ya siku 5 hivi, na kila nukta ya picha ni mraba wa mita 10 kwa 10. Kompyuta inasoma rangi ya majani na kukisia kama mahindi yana kiu. Kwenye shamba la ngano Narok, nukta hiyo ni ngano. Rabai, ndani ya mita 10 kwa 10 utakuta mnazi, kipande cha kivuli cha mkanju, mihogo chini yake, kunde katikati ya mihogo, na mwembe ambao hakuna aliyeupanda. Setilaiti inaona kijani. Haioni kwamba kijani hicho kina wenyewe watatu.

Na hili wingu, licha ya jina lake, halielei popote. Limelala chini ya bahari. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilitia nanga Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, umbali wa safari moja ya matatu kutoka Rabai. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili kati ya hizo zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaanza kungoja kurasa zifunguke. Huwa nafurahi kidogo nikikumbuka siku hiyo, si kwa ubaya. Ilikuwa siku ambayo kila mtu alijua kwamba wingu lina mahali.

Basi swali langu ni hili. Mkulima anapobofya “Nakubali”, anafanya nini hasa, kwa lugha yetu wenyewe? Watu wengi wa mjini husema anauza data zake. Mimi naona si kuuza. Ni rehani. Anatoa kitu kinachozaa, mwingine anakuwa anavuna, naye anapata mkopo au ushauri kwa sasa. Na data inazaa kweli: mavuno yako ya mwaka huu yanaifundisha mashine namna ya kumpima jirani yako mwaka ujao. Hakuna ubaya wowote katika rehani. Watu wamesomesha watoto kwa rehani ya minazi. Lakini anayeweka minazi rehani anajua ni mingapi. Anaiona kila asubuhi akipita, anamwona mwenye kuivuna akiivuna, na kama nazi ni nyingi mwaka huo roho inamuuma vizuri, anajua kinachomuuma. Huyu wa “Nakubali” haoni mti wala mwangushaji. Ametoa asichoweza kukihesabu, mbele ya mtu asiyekuwepo.

Mjomba wangu alinifundisha hili bila kukusudia. Aliomba mkopo wa pembejeo kwa programu moja ya simu, akajibiwa kwa heshima zote kwamba kwa sasa hastahiki. Alinipa simu nimsomee tena, akidhani labda kuna maneno kayaruka. Nikamwambia, “Mjomba, ni mfumo umekataa.”

“Mfumo ndio nani?”

“Si mtu, mjomba. Ni kompyuta inapiga hesabu.”

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza lile swali ambalo mzee yeyote wa huku humuuliza kijana asiyemfahamu: “Mwana wa nani?”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Na nilipotulia niliona kwamba hakuuliza kwa nini amekataliwa. Kukataliwa amekuzoea, amekataliwa na wenye duka, na chama, na ndugu zake. Alitaka kujua anayemkataa ni wa mlango gani, kwa sababu mtu mwenye baba na mama ana pa kufuatwa. Ukijua mtu ni mwana wa fulani, unajua ataona haya mbele ya nani.

Shahidi wa minazi alikuwa na kazi mbili, nasi huwa tunaiona moja. Ya kwanza ni kukumbuka. Ya pili ni kuwa na haya: kwamba akisema uongo, ataendelea kuishi kijijini humo, atakutana nawe msibani, watoto wake wataoa kwako. Kule kunywa pamoja hakukuwa ulevi tu (ulevi pia ulikuwepo, tusidanganyane). Kulikuwa kunamfunga. Wingu limeichukua kazi ya kwanza na kuifanya kwa ustadi ambao hakuna mzee anayeufikia. Kazi ya pili haikuchukuliwa na yeyote. Imebaki pale njiani, na tunapita kando yake tukisema maendeleo yamefika.

Najua msomaji mmoja tayari ananiandikia kwamba naota zama za mababu. La. Rabai si mahali pa kuogopa maandishi. Krapf na Rebmann walihamia hapa mwaka 1846, na daftari limekuwa kwetu muda mrefu kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Na ule utaratibu wa wazee ulikuwa na uozo wake. Shahidi aliweza kununuliwa, bei yenyewe wakati mwingine ilikuwa kibuyu. Wanawake hawakuitwa kushuhudia. Mjane angeweza kuambiwa kwamba minazi aliyoipalilia miaka thelathini haikuwa ya marehemu mumewe hata siku moja, na wazee watatu wakatikisa kichwa kukubali. Kwa mjane huyo, shahidi asiyekunywa ni neema. Hana shemeji. Halewi. Hasahau kwa makusudi.

Kuna jambo zito zaidi, ambalo kila mtu wa Kilifi analijua hata kama hapendi kulitaja mbele ya wageni. Wazee wetu wameuawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi ukichimba chini ya neno uchawi unakuta shamba. Mzee akiwa ndiye kumbukumbu, basi njia fupi ya kubadilisha kumbukumbu ni panga. Huko Ganze, Kaya Godoma ilibidi igeuzwe kimbilio la wazee waliotishiwa kuuawa. Mtu akiniambia kwamba data za shamba zilizonakiliwa kwenye seva tatu, nchi tatu, zingempunguzia mzee mmoja hatari hiyo, nitanyamaza na kuheshimu hoja yake. Hakuna anayeweza kulivizia wingu usiku likirudi nyumbani.

Lakini angalia hapo hapo. Sababu inayolilinda wingu dhidi ya panga ndiyo hiyo hiyo inayolilinda dhidi ya mjomba wangu. Halina nyumbani. Hatuwezi kulidhuru na hatuwezi kuliuliza. Sidhani kama vitu hivi viwili vinatengana kirahisi, na ninawashuku wanaosema vinatengana.

Sheria imejaribu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa Mkenya haki ya kutoamuliwa jambo kubwa na mashine peke yake. Maana yake ni kwamba mjomba anaweza kudai binadamu alitazame ombi lake. Nimekipenda kifungu hicho. Ni kama bunge lilisikia swali la “mwana wa nani”. Ila haki inayohitaji ujue ipo, uandike barua, na ujue uipeleke wapi, kwa mtu ambaye bando lake ni la shilingi ishirini, ni haki iliyowekwa kwenye kabati la juu.

Rehani ina neno pacha, nalo ni kukomboa. Ukilipa deni, minazi inarudi, na mashahidi wale wale wanaitwa kuiona ikirudi. Data haina kukomboa kwa kawaida yake. Mkopo ukiisha, ramani ya shamba inabaki huko, na mashine iliyojifunza kwa mavuno yako haisahau somo. Hata hivyo si kwamba haiwezekani. Mnakumbuka foleni za KICC mwaka 2023, watu wakipigwa picha za mboni ya jicho na Worldcoin kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi kama 7,000? Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data zile za miili ya watu zifutwe. Huko kulikuwa kukomboa, kupitia kwa jaji. Swali ni kama mkulima wa minazi ishirini atahitaji jaji kila msimu, au kama vyama vya ushirika vinaweza kujadiliana na kampuni hizi mapema, kwa pamoja, kwamba rehani hii ni ya miaka mingapi na ikiisha nani ataitwa kuona ikifutwa. Mimi naegemea vyama, pamoja na wizi wao wote tunaoujua. Mwizi wa chama angalau ni mwana wa mtu.

Nina rafiki Mombasa anayetengeneza mifumo ya aina hii. Nilimsimulia habari za minazi na mashahidi tukiwa tunakula viazi karai, akapendezwa, akafungua kompyuta kunionyesha fomu ya kuandikisha shamba. Jina la mmiliki: sehemu moja, jina moja. Ukubwa kwa ekari. Zao kuu. Nikamuuliza mwenye minazi asiye na ardhi anaandikwa wapi. Akasema haandikwi, mfumo hauna pa kumweka. Nikamuuliza ingekuwa kazi kubwa kiasi gani kuongeza mstari wa mti tofauti na udongo, na mwingine chini yake, wa mashahidi wawili na namba zao za simu.

Akafikiri, akapangusa vidole. Kazi ya mchana mmoja, akasema. Hakuna mteja aliyewahi kuiomba.