Watoto na Farasi wa Brixton

Kule Brixton, kusini mwa London, katikati ya maghorofa, pana mabanda ya farasi. Ni ya Ebony Horse Club, iliyoanzishwa 1996 ili watoto wa mitaa ile, ambao wazazi wao hawamudu gharama za mchezo huu, nao wapande farasi.

Kupanda ni nusu tu ya kazi. Kwanza mtoto hushika koleo, akazoa mavi na kutandaza majani makavu. Halafu kwato. Husimama ubavuni, uso umeelekea mkiani, akiteremsha mkono polepole mguuni mpaka mnyama aunyanyue mwenyewe. Uchafu huchokolewa kutoka kisiginoni kwenda mbele, kwa uangalifu pale katikati penye sehemu laini. Ukikurupuka, masikio ya farasi hulala nyuma. Hapo hakuna maneno matamu yatakayokusaidia. Utulie kweli, naye atulie. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa, hasa kwa mtoto aliyetoka nyumbani na hasira zake.

Khadijah Mellah alijifunzia huko. Agosti 2019, akiwa na miaka 18 na hijabu yake kichwani, alishinda mbio za Magnolia Cup kule Goodwood, miezi michache tu tangu ampande farasi wa mbio kwa mara ya kwanza.

Hapa kwetu Lamu ipo zahanati ya punda tangu 1987. Natamani kila mtoto anayeswaga punda hapa afundishwe, kabla ya kukabidhiwa fimbo, jinsi ya kuinua na kusafisha kwato zake.