Chini ya Mretemu: Uzito Unaporudi

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Wafalme 18:46–19:18; Zaburi 103:13, 14; 1 Samweli 16:7; Mithali 24:16; Wagalatia 6:1, 2.

Fungu la Kukariri: Mika 7:8.

Kuna ushuhuda tunaoupenda makanisani mwetu. Ndugu aliyegundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili anasimama mbele na kueleza alivyoacha soda na chai ya sukari, alivyotembea kila asubuhi, alivyopungua kilo 12, hata daktari akampunguzia dawa. Kanisa zima linaitika, "Amina!"

Mwaka mmoja na nusu baadaye, kilo 9 kati ya zile zimerudi na sukari imepanda. Sasa hakuna anayemwita mbele. Taratibu anahamia viti vya nyuma. Haendi kliniki kwa kuogopa mizani, na makambi yanapofika anatafuta udhuru kwa kuogopa macho ya watu. Hatari kubwa kwake si zile kilo 9. Hatari ni kule kujificha, kwa maana kisukari kisichopimwa huendelea kuharibu macho, figo na miguu kimyakimya.

Somo la juma hili ni kwa ajili ya ndugu huyo, na kwa ajili ya darasa analoketi ndani yake. Tutajifunza kutoka kwa Eliya, nabii aliyevunjika moyo baada ya ushindi, si kabla yake.

JUMAPILI: Baada ya Karmeli

Soma 1 Wafalme 18:46–19:4. Ni nini kilichobadilika kati ya ushindi wa Karmeli na ombi la Eliya chini ya mretemu?

Moto ulikuwa umeshuka na mvua ilikuwa imenyesha. Eliya alikuwa amepiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Kisha ukaja ujumbe mmoja wa vitisho kutoka kwa Yezebeli, na yule shujaa akakimbilia jangwani, akamwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaketi peke yake na kuomba afe. Sababu aliyoitoa ni kwamba yeye si bora kuliko baba zake.

Angalia maneno hayo. Eliya alikuwa amejipima akaona amepungua. Ndivyo anavyosema moyoni mtu ambaye uzito wake umerudi: "Kumbe mimi ni yule yule." Anahitimisha kwamba ushindi wa kwanza ulikuwa wa uongo. Lakini Karmeli haikuwa ya uongo. Mungu alijibu kweli siku ile, na kilo zile zilipungua kweli. Udhaifu wa leo haufuti neema ya jana.

JUMATATU: Anajua Tulivyoumbwa

Soma Zaburi 103:13, 14. Inabadilisha nini katika maombi yako kujua kwamba Mungu anakumbuka jinsi mwili wako ulivyo?

Mwili uliopungua uzito huona kana kwamba njaa imeingia nchini. Homoni za njaa hupanda, zile za shibe hushuka, na mwili hutumia nguvu kidogo kuliko awali. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2011 uliwapima watu wanene, wasio na kisukari, waliopunguzwa uzito kwa mlo mkali wa majuma 10. Mwaka mmoja baadaye, homoni zao zilikuwa bado zinawasukuma kula.

Nchini Marekani, watu zaidi ya 5,000 wenye uzito uliozidi na kisukari cha aina ya pili walifuatiliwa kwa karibu miaka 10, na matokeo yakatolewa mwaka 2013. Waliopewa washauri wa chakula na mazoezi walipungua kwa wastani wa asilimia 8.6 katika mwaka wa kwanza. Kisha sehemu ya uzito ikarudi, ingawa washauri walikuwapo. Hata hivyo, mwishoni walikuwa asilimia 6 chini ya pale walipoanzia. Aidha, baadhi ya dawa za kisukari, kama insulini na glibenklamaidi, huweza kuongeza uzito.

Hatusemi haya ili kuhalalisha ulafi. Kama umo, na uungamwe kama dhambi nyingine yoyote, na msamaha upo. Lakini mizani hupima kilo tu. Haijui kupima utii. Mungu anayeujua mwili huu hashangai anapoona unavyopigana kurudisha ulichopoteza.

JUMANNE: Mkate, Maji na Usingizi

Soma 1 Wafalme 19:5–8. Mungu alianza kwa kumpa Eliya nini, na ni kipi ambacho hakukisema?

Malaika hakumkemea. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili, akala tena. Baada ya hayo ndipo alipotembea siku 40. Mwaka 1905 Ellen G. White alipoorodhesha tiba za asili, alitaja hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula bora, maji na kuitumaini nguvu ya Mungu. Nyingi kati ya hizo zilikuwako jangwani kwa Eliya.

Mtu ambaye uzito umerudi mara nyingi hujipangia adhabu badala ya uponyaji. Hujiwekea mfungo wa siku tatu, au hutupa dawa ili athibitishe imani. Ndugu, anayetumia insulini au glibenklamaidi akafunga bila ushauri wa daktari, sukari yake inaweza kushuka ghafla hata akazimia au kufa. Kanisa linapotangaza mfungo, na litangaze pia kwamba wagonjwa hawa wanaweza kushiriki kwa maombi huku wakila chakula chao. Na kumeza metfomini si upungufu wa imani, kama vile kula ule mkate hakukuwa upungufu wa imani kwa Eliya.

Anza na kidogo kinachowezekana. Nenda kliniki juma hili. Mweleze mhudumu ukweli wote, naye akupime sukari na presha, akuangalie miguu. Ulizia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu. Nusu ya sahani yako iwe mboga kama mchicha au matembele, robo iwe maharage au dengu, na robo iwe ugali au wali. Tembea dakika 30, siku tano kwa juma. Zikikushinda, anza na 10.

JUMATANO: Yasiyopotea

Soma 1 Wafalme 19:9–16 na Mithali 24:16. Eliya alirudishwa kwa kazi gani?

Mungu alimsikiliza Eliya, kisha akamwambia arudi kwa njia aliyojia. Alimpa kazi mpya: kumtia mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha. Hakumtaka arudie Karmeli ili athibitishe kwamba bado ni nabii.

Uko utafiti wa Uingereza ulioanza mwaka 1977, uliowafuatilia watu waliokuwa ndio kwanza wamegundulika na kisukari cha aina ya pili. Wengine walipewa matibabu ya nguvu zaidi ili sukari ishuke. Utafiti ulipofungwa, tofauti ya sukari kati ya makundi ilitoweka ndani ya mwaka mmoja. Ungedhani faida yote imekwisha. Lakini taarifa ya mwaka 2008, baada ya miaka 10 mingine, ilionyesha kwamba wale waliotibiwa kwa nguvu mapema walikuwa bado na madhara machache zaidi ya mishipa midogo ya damu, na mishtuko ya moyo michache zaidi.

Basi kama ulikuwa na miaka miwili ya sukari nzuri, usiseme imepotea. Huenda macho yako na figo zako bado zinakula matunda yake. Anayeinuka mara ya saba haanzi pale alipoanzia mara ya kwanza.

ALHAMISI: Elfu Saba

Soma 1 Wafalme 19:18. 1 Samweli 16:7. Wagalatia 6:1, 2. Tunawezaje kuchukuliana mzigo huu bila kuuongeza?

Eliya alidhani amebaki peke yake. Mungu akamwonyesha watu 7,000, tena akampa Elisha wa kutembea naye. Katika kanisa lako pia wapo wengi wanaobeba mzigo huu na hawajasema.

Sisi tuna desturi ya kusalimiana kwa mwili. Aliyepungua huulizwa kama anaumwa, aliyeongezeka huambiwa mbele za watu, "Naona umenenepa!" Maneno hayo yamewaondoa wengi mezani na kanisani. Tuulize habari za mtu, si za kiuno chake. Kwenye mlo wa pamoja na kwenye makambi, mboga na maji viwe vya kwanza na vya kutosha, wala asilazimishwe mtu kuongeza wali kwa heshima ya mwenyeji. Na wakati wa shuhuda, tumpe nafasi hata yule ambaye bado yuko njiani. Ushuhuda wake ni huu: ameinuka tena.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Linganisha 1 Wafalme 19 na Yohana 21:9–17, ambapo Yesu alimwandalia Petro chakula kabla ya kumwuliza swali lolote.

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini tunapenda shuhuda za ushindi kuliko za kuinuka tena? Jambo hilo linamfundisha nini mgonjwa aliyeketi nyuma?

2. Utamjibu nini ndugu anayetaka kuacha dawa zake ili aonyeshe imani?

3. Ni nani hamjamwona darasani kwa majuma kadhaa? Nani atakwenda kwake kabla ya Sabato ijayo, si kumwuliza uzito wake, bali kumsindikiza kliniki?