Umebakisha Ngapi?

Katika baraza ya kungojea tiba ya mionzi, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mjini Dar es Salaam, nilijifunza salamu ambayo sikuwahi kuisikia kwingine. Shikamoo huitangulia, kwa kuwa adabu haiachwi mlangoni kwa ajili ya maradhi, kisha mgonjwa humwuliza mwenziwe, "Umebakisha ngapi?" Naye hutaja hesabu ya siku zake, kumi na tisa, nane, tatu, na mwenye hesabu ndogo hupongezwa na baraza nzima kama bwana arusi. Hesabu yangu mimi, baada ya kukatwa titi la kulia, ilianza na 25.

Lugha yetu, niipendayo na niliyoifundisha hata nikastaafu, ilinitia hofu kubwa kabla ya siku ya kwanza. Twasema kwamba mtu "anapigwa mionzi", na wengine husema "anachomwa"; basi usiku kucha niliwazia kipigo na moto. Asubuhi nililazwa juu ya kitanda kigumu, mkono wa kulia nimeuinua juu ya kichwa, alama za wino zimechorwa kifuani kama mistari ya fundi cherehani, na kijana wa mashine akaniambia kwa upole, "Mama, usitikisike," akatoka, na mlango mzito ukafungwa. Mashine ikavuma, ikazunguka, ikanyamaza. Sikuhisi maumivu yoyote. Nilitokwa na machozi, wala hayakuwa ya uchungu. Ni ya mtu aliyejiandaa kukutana na simba akakuta kivuli.

Nilimwuliza daktari kwa nini dawa hii igawanywe siku 25, tano kila juma, badala ya kutolewa yote kwa mkupuo. Akanieleza kwamba mionzi huharibu kile kiini ambacho seli hutumia kuzaliana, na kwamba seli nzima na seli za saratani huumia pamoja. Lakini iliyo nzima, ikipewa saa za kutosha, aghalabu hujitengeneza vizuri kuliko ile iliyopotoka, na kwa hiyo muda ulio kati ya leo na kesho, pamoja na Jumamosi na Jumapili ambazo nilidhani ni likizo ya watumishi tu, nao una kazi yake mwilini. Maneno hayo yalinipa faraja ambayo nasaha nyingi za kunitaka nijikaze hazikunipa. Tangu siku hiyo nililala usingizi kwa heshima, nikijua kwamba usiku mwili wangu unashona palipochanika.

Maarifa ya namna hiyo ndiyo yaliyonirudishia mjukuu wangu wa miaka minne. Jirani mmoja, kwa mapenzi na wala si kwa chuki, alikuwa ameshauri mtoto asikae mapajani mwangu, asije akapata mionzi yangu. Hasha! Mionzi itokayo nje kwa mashine haibaki mwilini, kama nuru ya kandili isivyobaki chumbani ikizimwa. Ipo tiba nyingine ambayo chanzo cha mionzi huwekwa ndani ya mwili, na hiyo ina masharti yake ambayo daktari huyaeleza. Yangu haikuwa hiyo. Nilimweleza jirani, akaelewa, akaja mwenyewe kunipikia uji.

Nikingoja zamu yangu nilipenda kulitazama lile jengo la kale la Taasisi, lililokamilishwa na Wajerumani mwaka 1897. Miaka miwili tu kabla ya hapo, huko kwao, Wilhelm Röntgen alikuwa amegundua miale isiyoonekana kwa jicho, na mwaka uliofuata ujenzi huo, 1898, Marie Curie na mumewe wakagundua radiumu, elementi itoayo mionzi. Mama yule alifariki mwaka 1934 kwa maradhi ya damu yanayohusishwa na mionzi aliyoishughulikia miaka mingi. Kila mlango mzito ulipofungwa, na watumishi wakiwa salama nje, nilimkumbuka kwa shukrani.

Nisije nikadhaniwa kuwa nilikuwa mchangamfu siku zote. Juma la nne uchovu ulinilemea hata kuinua kikombe kukawa kazi, na ngozi ya kwapani ikawa nyeusi, ikababuka, nisiweze kuvumilia ila khanga kuukuu iliyolainika. Nililia mbele ya watu. Sikubaliani kamwe na wanaomwamuru mgonjwa afurahi, kana kwamba chozi huyalisha maradhi. Ni kumwongezea mtu mzigo wa pili kabla hajautua wa kwanza. Siku hizo tumaini langu halikuwa moyoni hata kidogo. Lilikuwa miguuni: niliamka, nikapanda daladala, nikafika.

Na nikifika nilimkuta mwenzangu wa benchi, mama aliyekuja kwa garimoshi kutoka Kigoma, mwenye saratani ya mlango wa kizazi, asiye na ndugu mjini. Yeye aliniwekea nafasi, mimi nikamletea chai ya chupa. Siku yangu ya 25 ilikuwa Ijumaa. Baraza ikanipongeza, naye akanikumbatia kwa upande wa kushoto ili asiniumize. Jumatatu nikaamka saa ile ile, nikajaza chupa, nikapanda daladala. Alikuwa amebakisha nne.