Sulisuli wa Watamu

Mashindano ya kuvua samaki kwa mchezo huko Watamu na Malindi, katika pwani ya Kenya, hufuata upepo. Msimu mzuri ni wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi. Mgeni anayejiunga kupitia hoteli ya ufukweni hulipia nafasi yake katika boti. Vifaa huvikuta humo, na kazi yake ya kwanza ni kumsikiliza nahodha.

Boti hutoka alfajiri, mishipi ikikokotwa nyuma, yaani kurambaza. Mara sulisuli hutokea nyuma ya chambo, pezi la mgongoni limesimama kama tanga, mistari ya buluu ikimetameta ubavuni. Akinaswa, mishipi mingine huvutwa haraka isije ikatatana naye. Hapo ndipo ushirika huonekana: mmoja hupambana na samaki, wengine humpisha, nahodha huielekeza boti kumfuata.

Katika mashindano mengi sulisuli huleta alama akiachiliwa hai, na hilo ndilo jambo la thamani kuliko kikombe chochote. Baharia humchoma kibandiko chenye namba karibu na pezi, kisha humshika mdomo wake mrefu, boti ikienda polepole maji yapite mashavuni, mpaka apate nguvu na kuzama mwenyewe. African Billfish Foundation, taasisi iliyoko Watamu, huhifadhi taarifa za vibandiko hivyo. Samaki akivuliwa tena mbali, safari yake hujulikana.

Jodari na nguru wanaobakizwa hupimwa kwenye mizani jioni.