Mvua Ikikukuta Rio

Umefika Rio de Janeiro mwezi wa Julai, wakati wa ukavu, na mvua imeanza kunyesha. Sanamu ya Kristo, iliyoko juu ya Corcovado tangu 1931, imemezwa na mawingu. Usikate tiketi ya kupanda huko. Utaona weupe mtupu. Wala usijifungie hotelini, maana hasara yake ni kubwa zaidi.

Shuka mjini uingie Real Gabinete Português de Leitura, maktaba ambayo jengo lake lilifunguliwa 1887. Kuta zote ni rafu za mbao iliyonakshiwa, zimejaa vitabu toka sakafuni hadi karibu na dari, na mwanga hupenya kwenye paa la vioo vya rangi. Siku ya mawingu mwanga huo ni mpole mno.

Mvua ikipungua, tembea hadi gati ya Valongo. Mawe ya gati hiyo ya 1811 yalifukuliwa 2011, na maji hutuama katikati yake. Hapa waliteremshwa mamia ya maelfu ya Waafrika waliouzwa utumwani, wengi wao kutoka Kongo na Angola, wengine Msumbiji, jirani zetu kabisa. Simama kidogo, hata ukilowa.

Kukikucha pakiwa peupe, ndipo upande Corcovado. Njia inapita msitu wa Tijuca, uliopandwa upya kuanzia 1861 baada ya mashamba ya kahawa kuukosesha mji maji. Mikono ya kwanza kuupanda ilikuwa ya watumwa.