Mdomo Huu ni wa Nani?

Jamani, nianze kwa kukiri. Niliwahi kumlisha mtoto wa dada yangu kwa nguvu, na chakula chenyewe kilikuwa tambi.

Msicheke kwanza. Dada anaishi Magomeni, chumba na sebule, na mimi baada ya kumaliza chuo na kuzungusha bahasha maofisini bila kupata kitu, nikahamia sebuleni kwake. Asubuhi yeye kazini, mimi nabaki na Zai, miezi saba, pamoja na daftari langu la hadithi zisizokwisha. Mkataba wetu ulikuwa mwepesi: mimi nile, nilale, ila mtoto ashibe.

Zai alikuwa ndiyo kwanza anaanza kula. Mpaka miezi sita alinyonya tu, kama dada alivyoelekezwa kliniki. Mama zetu waliambiwa vingine, maana zamani ushauri ulikuwa miezi minne hadi sita. Ni mwaka 2001 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipotamka kwamba iwe miezi sita kamili. Baada ya hapo kunyonya kunaendelea, lakini maziwa peke yake hayatoshi tena. Ile akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto inakuwa imepungua, na uji mtupu asubuhi, mchana na jioni hauwezi kuirudisha.

Tambi lilikuwa wazo langu. Jirani mmoja akaguna, eti tunamlisha mtoto kizungu. Kizungu kitu gani? Pwani hii watu wamekula tambi za nazi na iliki kila Ramadhani, leo ziwe za Wazungu kwa sababu zimepondwa na karoti? Lakini tuache hilo.

Nieleze ninavyozipika, kwa sababu hoja yangu inaanzia sufuriani. Nachukua tambi nyembamba, kiasi cha konzi moja ndogo, nazifunga kwenye kitambaa safi na kuzivunjavunja mpaka ziwe kama punje za mchele. Nazitia kwenye maji yanayochemka, bila chumvi, maana figo za mtoto bado changa. Naziacha jikoni muda mrefu kuliko zetu sisi, mpaka ukiibonyeza moja kwa vidole inasagika yote. Pembeni nachemsha nyanya iliyomenywa, kipande cha karoti na ini la kuku hadi liive kabisa. Hilo ini ndilo lenye chuma. Tambi zenyewe ni ngano tu, zinajaza tumbo na kuupoza ukali wa ladha ya ini. Naponda vyote pamoja, natia kijiko kidogo cha mafuta, nalainisha kwa yale maji ya tambi. Usifanye maji maji kama supu. Ukiinamisha kijiko, chakula kikae kidogo kabla ya kuanguka. Siku ini halipo, dengu zilizolainika au yai lililoiva vizuri. (Yai au ngano mara ya kwanza toa kidogo umwangalie, kuna watoto ambao miili yao inakataa.) Zile tambi za paketi ndogo zenye kiungo cha unga ndani, tunazoishi nazo sisi mabachela, hapana. Chumvi tupu.

Sasa siku ile. Kijiko cha kwanza akala, cha pili akala, cha tatu akakitafuna kama anafikiria jambo. Cha nne akageuza uso. Nikasubiri, nikajaribu tena, akageukia upande wa pili na kukaza midomo. Bakulini kumebaki zaidi ya nusu. Nikamwona dada atakavyoingia jioni, atakavyolitazama bakuli kabla ya kunijulia hali. Basi nikamlaza Zai mapajani, nikambana mikono, na alipofungua mdomo kulia nikapenyeza kijiko.

Akapaliwa. Nikamwinua haraka, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na zile sekunde chache kabla hajavuta pumzi vizuri sitaki kuzieleza. Alipotulia akanitazama. Sisemi alinilaumu, wa miezi saba ajue wapi kulaumu. Ila kesho yake nilipotoa kijiko kabatini, alianza kulia kabla sijakigusisha bakuli.

Hapo ndipo swali liliponikaa. Mdomo huu ni wa nani?

Mama alikuja wiki hiyo kutoka Muheza, nikamsimulia. Nilitegemea anigombeze, kumbe akacheka. "Mwanangu, nyie wote tumewanywesha kwa kiganja. Umekufa?" Akanionesha: kiganja unakikunja kama kikombe chini ya midomo ya mtoto, unamimina uji, naye anameza kwa sababu lazima apumue. Nikasema, mama, uji si unaweza kuingia kwenye mapafu? Akaacha kucheka. "Yule aliyekutangulia wewe alipata surua," akasema. "Siku nne anakataa kula. Nikamwonea huruma, nikasema nisimsumbue. Mtoto hana akili, baba. Ukimsubiri apende, utamzika."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na hoja za vitabuni, naye amekuja na kaburi.

Lakini nimeendelea kulifikiria, na hapa naomba mnivumilie. Mtu atasema, mbona chanjo tunawachoma bila kuwauliza? Kweli, tunawashika, wanalia, na hatujuti. Mtoto hawezi kujua surua ni nini. Mimi najua, kwa hiyo naamua kwa niaba yake. Mpaka hapo mama yuko sahihi. Ila shibe si kama surua. Katika nyumba nzima ya Magomeni, ukihesabu wapangaji wote, ni mtu mmoja tu anayejua tumbo la Zai limejaa kiasi gani. Hana neno la kulisemea. Ana shingo tu, ya kugeuza. Nilipomlaza mapajani sikuwa namwamulia asichokijua. Nilikuwa nambishia kwenye jambo pekee analolijua kuliko mimi.

Kuna daktari mmoja wa watoto wa Marekani, Clara Davis, aliyelijaribu jambo hili waziwazi. Taarifa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1928, na mwaka 1939 akaeleza habari za watoto 15, walioanza wakiwa na umri wa kati ya miezi sita na kumi na mmoja. Kila mlo waliletewa sinia la vyakula mbalimbali, kila kimoja kwenye chombo chake: nyama, mayai, nafaka, matunda, mboga, maziwa, hata figo na ubongo. Muuguzi alikaa kimya, kijiko mkononi, na hakuruhusiwa kukinyoosha mpaka mtoto mwenyewe aoneshe anataka nini. Hakuna kubembeleza wala kusifia. Watoto walikula kwa mtindo wa ajabu, kila mmoja na lake, lakini afya zao zikawa nzuri. Mmoja aliyeletwa na matege alikunywa mafuta ya ini la samaki kwa hiari yake mpaka alipopona, kisha akaachana nayo.

Usikimbilie kushangilia, maana Davis mwenyewe hakukimbilia. Alisema siri ilikuwa kwenye orodha ya vyakula. Sukari haikuwepo, vya makopo havikuwepo. Kwa maneno mengine, uhuru wa wale watoto ulikuwa umeshapikwa na mtu mzima kabla sinia halijafika mezani. Na kuna kitu kinanikera humo. Watoto wale walikuwa wa akina mama wasio na uwezo wa kuwatunza. Walipewa haki ya kuchagua kijiko, lakini nani aliwauliza kama wanataka kuwa ndani ya jaribio?

Ndiyo maana sasa nagawa hivi: sufuria ni yangu, mdomo ni wa Zai. Nikimpa soda na biskuti halafu niseme nimemwachia uhuru, nimemdanganya. Kazi yangu ya kuamua inaishia bakulini, na pale inapaswa kuwa nzito: ini nilitafute, tambi nizilainishe, kijiko nikilete mbele ya macho yake na kusubiri midomo ifunguke. (Na sisi tunaoandika, mara ngapi tunambana msomaji mikono ili ameze kurasa tulizoshindwa kuzipika?)

Bado yule wa surua yupo. Akiumwa mtoto, njaa yenyewe hupotea, na shingo yake haisemi tena ukweli wote. Manesi wanasema wakati huo usiache: anyonye zaidi, chakula kiwe laini, kidogo kidogo, mara nyingi, umbembeleze. Nilipomweleza mama, alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Kumbembeleza na kumkaba, baba, usiku wa manane na kibatari kimoja, ni nani anaona mpaka wake?" Sikumjibu hilo pia.

Kesho yake aliomba amlishe yeye. Nikasimama mlangoni, roho mkononi. Alikaa kwenye jamvi, Zai mbele yake, akachota tambi, akasubiri. Kijiko kimoja. Viwili. Cha tatu mtoto akageuza uso, na nikauona mkono wa mama ukianza kujikunja, kile kiganja, chenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile. Ukabaki hewani. Kisha akaufuta kwenye khanga na kuweka bakuli chini.

Jioni dada aliingia, akatazama bakuli kwanza.

"Amekula?"

"Vijiko viwili," mama akasema.

Dada akanitazama mimi.