Je, C Zote ni Ndugu?

Januari 2023 Baraza la Mitihani lilifanya jambo lililozua ubishi hadi vijiweni. Liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Sababu? Si haki kushindanisha watoto waliosoma katika mazingira tofauti. Mimi nilipiga makofi.

Lakini hebu tulia kidogo. Kama si haki kuwapanga magazetini, mbona wanapangwa kwa maksi hizo hizo langoni mwa chuo kikuu? Orodha ya gazeti inatoa sifa tu. Hii ya chuo inampa mmoja udaktari, mwenzake inamrudisha sokoni Kivinje kupaa samaki.

Chukua mtoto wa shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia mwaka mzima, maabara yake ni kabati lenye kufuli. Msingi kasoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza akatoswa kwenye Kiingereza. Kajikongoja hadi cha sita. Mei 2024, mwezi wa mitihani hiyo, kimbunga Hidaya kikaja na mafuriko, barabara ya Dar na Lindi ikakatika pale Somanga. Mwenzake wa shule ya binafsi mjini anajua Kiingereza tangu chekechea, na tuisheni juu. Wote wanapata C ya fizikia. Kwenye udahili C ni pointi tatu, basi. Mimi nasema C hizo si ndugu.

Rafiki yangu mmoja, mbishi kweli kweli, alinikaba: "Wewe utakubali kupasuliwa na daktari aliyebebwa?" Siku ile nilikosa jibu. Leo ninalo. Kuangaliwa ulikotoka ni kwa kuingia tu. Ukishaingia, mitihani ya miaka mitano ni ile ile, hakuna wa kukuongezea maksi. Tena si jambo geni. Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kozi ya awali kwa wasichana wa sayansi ambao alama zao zilipungua kidogo. Walisoma kwanza, ndipo wakaingia.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Pwani hii wapo wavuvi waliouza mashua, na wakulima walioteketeza ufuta wa msimu mzima, ili kulipa ada ya shule ya binafsi. Mtoto wa mtu huyo tumtie kapu moja na wa kigogo? Hiyo nayo dhuluma. Ndiyo maana sitaki kila wa serikali aongezewe maksi. (Ilboru na Kibaha nazo ni za serikali, bwana!)

Ninachotaka ni kidogo: wawili wakifungana kwa nafasi ya mwisho, chuo kiulize nani alifundishwa na nani alijifundisha. Najua watu watadanganya, maana barua ya mtendaji nayo hununulika. Lakini orodha ya walimu wa kila shule, na masomo yao, serikali inayo ofisini. Ianzie hapo.